Ramani ya Chai

Kila mwaka, muhula ukishazeeka kidogo na wanafunzi wameanza kusinzia, huwa nawasimulia habari ya ramani ya chai. Nawaambia kwamba zamani, pengine kabla wazazi wao hawajajuana, tuliwahi kuchora ramani ya mbega wa Mlima Meru, na ramani hiyo ikatuhakikishia kwamba mbega wengi kuliko wote mlimani wanaishi uani kwa mama mmoja mwenye chai nzuri. Wanacheka. Wakishacheka vya kutosha nawaeleza jambo lenyewe: mashine haijui kama unachoilisha ni mbega au ni adabu za watu, kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote ujue nani amekujibu na alikuwa anakuona wewe ni nani. Ni mfano mzuri. Umeokoa vipindi vingi vilivyokuwa vinanifia mikononi, na umenipa jina kubwa kuliko kazi nyingine nilizozitolea jasho. Yule mama mwenye chai aliitwa Mama Elipendo, na mwaka jana alifariki.

Aliyenipasha habari ni Anaeli, ambaye sasa ni mzee lakini bado ana sauti yake ya kwaya. Alinipigia simu akasema, "Aikande, mama yetu wa chai ametangulia," kisha akakohoa kwa muda mrefu ili asilie. Nilifika siku moja kabla ya maziko. Nilikodi gari Usa River likanipandisha hadi mahali barabara ilipokataa, nikamalizia kwa miguu kati ya migomba. Nilikuta turubai, viti vya plastiki, wanaume wanabishana taratibu juu ya bei ya kahawa, na wanawake wanasukuma masufuria. Kabla sijamaliza kusalimia watu nilikuwa nimeshawekewa kikombe mkononi. Ilikuwa chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, tamu kupita kiasi, kama inavyostahili msibani. Nilipoionja nikajikuta natafuta ladha ya moshi. Haikuwepo, siku hizi pale wanapikia gesi. Nilikaa na kile kikombe nikijiuliza kwa nini nimeitafuta, na hapo ndipo mwaka ule wote ulipoanza kunirudia.

Kuhusu nyumba niliyozaliwa sina la kusema. Ilikuwa nyumba kama nyingine na haihusiki na mambo haya. Naanzia kwenye chumba changu cha Kaloleni, kwa sababu ndicho cha kwanza nilichokuwa na ufunguo wake. Kilikuwa na kitanda, jiko la mchina, ndoo mbili, na ukuta wa mbao uliokuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua mambo ya jirani zangu kuliko ya ndugu zangu. Walikuwa mume na mke. Mume alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, mke alikuwa ameanza kuuza nguo za mitumba, na kila asubuhi walibishana kwa sauti ya chini wakidhani hawasikiki. Mume alisema hali hii itapita, serikali itarudi kwenye akili zake. Mke alisema, "Baba Neema, mimi hiyo serikali unayoingoja siijui, nayajua marobota tu." Ulikuwa ni mwaka ule maduka ya Arusha yalipoanza kujaa tena. Sabuni zilikuwa za kuchagua. Ukiingia dukani uliulizwa unataka rangi gani, na sisi tuliozoea kupanga foleni bila kujua mwisho wake kuna nini tulikuwa tunashtuka na kujibu "yoyote." Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea hesabu, na nafasi za serikali tulizoahidiwa zilikuwa zimeyeyuka. Kwa hiyo niliposikia kuna mtafiti anatafuta mtu wa hesabu kwa ajili ya mambo ya mbega, sikuuliza mbega wana hesabu gani.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Harbans, Singasinga mpole aliyekuwa akiuza misumari na rangi tangu ujana wake. Ndani kulikuwa na meza mbili, ramani ya mlima ukutani, na kompyuta. Hiyo kompyuta ilivalishwa kitambaa cha kufuma, zawadi ya mke wa Mzee Harbans, na kila asubuhi tuliivua kwa heshima kama tunamwamsha mgonjwa. Umeme ulikatika ulivyotaka. Ukikatika, Mzee Harbans alipiga kelele kutoka chini, "Kompyuta iko salama?" kabla hata ya kuuliza juu ya wateja wake. Mtafiti mwenyewe aliitwa Dakta Shemhilu, Msambaa wa Lushoto, mwembamba, mwenye sweta moja la kijivu na subira ambayo wakati mwingine ilinikera. Hakuwahi kupandisha sauti. Ukikosea alikuwa anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anakuangalia tena akitumaini kwamba safari hii ataona mtu mwingine.

Kazi ilikuwa hivi. Kulikuwa na kamati ya mipaka iliyotaka kujua msitu wa Meru uishie wapi. Mashamba makubwa ya tambarare yalikuwa yanapewa wawekezaji, kule Usa River watu walikuwa wanazungumza habari za kupanda maua ya kuuza Ulaya, na kila mtu alikuwa ametambua ghafla kwamba maji yote yanatoka juu. Kamati ikaamua kwamba mpaka wa msitu ushuke, na utashukia pale penye mbega wengi, kwa kuwa mbega akiwepo ni dalili kwamba msitu bado ni msitu. Atakayekutwa ndani ya mstari mpya atalipwa fidia ya kahawa yake na migomba yake, aondoke. Dakta alitakiwa aseme mbega wako wapi na kwa wingi gani, mlima mzima, wakati alikuwa na watu wachache wa kuwatafuta na mahali pengi hapafikiki. Alikuwa na njia yake ya kulitatua hilo, na alinieleza siku ya pili ya kazi, kwa mama ntilie tuliyekuwa tunakula mchana nyuma ya soko.

Mama ntilie alikuwa amekaa na ungo wa maharage anachambua. Dakta akaukwapua. "Nikikuambia humu kuna maharage, lakini umefumba macho na sikuambii neno lingine, utasema yako wapi?" aliniuliza. Nikajibu yatakuwa yametapakaa ungo mzima. "Kwa nini usiseme yamerundikana upande mmoja?" Nikasema nikidai hivyo nitakuwa nadai najua kitu, na sijui. Alifurahi mno, akautandaza ule ungo sawasawa kwa kiganja. Mama ntilie akasema, "Dakta, hayo ya kesho, umenichanganyia na mawe!" lakini Dakta hakumsikia. "Sasa anakuja mtu anakuambia amewaona mbega penye mvua nyingi, penye miti mirefu. Unauinamisha ungo kidogo." Akauinamisha. "Kwa kiasi kile tu ulichoambiwa, usizidishe. Ziko ramani nyingi sana zinazokubaliana na ulichoambiwa. Unachagua ile iliyotandaa kuliko zote, ile isiyojifanya inajua zaidi. Vitabuni wanaita entropia ya juu kabisa. Mimi naita kutokuwa na makuu." Kisha akaniambia jambo ambalo nilidhani ni dogo. "Na maharage hayaongezeki. Ukiyaondoa hapa, yatakwenda pale." Alimrudishia mama ntilie ungo wake, akaomba radhi, akala ubwabwa wake wote.

Nimekuwa na walimu wengi tangu wakati ule, wengine wenye majina yanayotajwa. Hakuna aliyenieleza jambo hili vizuri zaidi. Hata sasa, nikiona kijana amejaza ubao kwa alama za kuogofya, huwa namwambia alete ungo.

Aliyekuwa anatuletea mbega, kwa maana ya habari zao, ni Anaeli. Alikuwa Mmeru wa palepale mlimani, mzee wa kanisa ingawa umri wake haukuwa mkubwa, na hakuna njia ya msituni asiyoijua. Mwezi wangu wa kwanza Dakta aliniambia niende naye nione namba zinatoka wapi. Nilidhani tutatambaa vichakani. Tulitembea nyumba hadi nyumba. Mlimani kule huwezi kukatiza uani kwa mtu ukielekea msituni kama unapita sokoni. Unapiga hodi, unasalimia, unaulizwa habari za huko utokako, unakaa, unaletewa kitu, na ni hapo tu, kikombe kikiwa nusu, ndipo unaweza kusema kilichokuleta. Anaeli alikuwa hodari wa jambo hilo. Alijua watoto wa kila mtu na magonjwa ya kila ng'ombe. Tulipofika nyumba ya mwisho, ile inayopakana na msitu, nilikuwa nimejaa chai hadi kooni.

Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya Mama Elipendo. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, karibu ndani, huko nje kuna umande." Jikoni kwake kulikuwa na giza zuri na joto. Nyumba ilikuwa imebanwa na korongo lenye miti mikubwa, misesewe na mikuyu na mringaringa iliyozeeka, kiasi kwamba hata mchana aliwasha kibatari ili aone sufuria. Alituwekea chai, magimbi, na bakuli la loshoro, ule mtindi wenye mahindi ambao wenyeji wanaupenda na mimi wakati ule nilikuwa naumeza kwa adabu. Binti yake Elipendo, msichana wa shule ya msingi, alisimama mlangoni akinitazama viatu. Anaeli aliuliza habari za mbega kama anayeuliza habari za wajomba. "Wapo tele," alisema mama. "Si ndio wanaotuamsha? Hawana fujo kama tumbili, wenyewe ni watu wazima, wanakaa tu huko juu wanatuangalia. Juzi mmoja ana mtoto mweupe pee, nikadhani kapakata paka." Akacheka kwa mabega. Anaeli akaandika, amekaa, kikombe kwenye goti. Mimi nilikuwa mtu wa mjini na nilijua mbega ni mweusi mwenye joho jeupe. Habari ya mtoto mweupe niliiona ni chumvi ya mama kumfurahisha mgeni, nikatabasamu. Tuliondoka jioni, na njia nzima ya kushuka nilifikiria chumba changu na kujinyoosha.

Tulikusanya habari hadi masika yakakatika. Kisha tukailisha mashine. Ilikokotoa asubuhi nzima, sisi tukitembea kwa vidole ili umeme usitusikie. Printa ilipoanza kupiga makelele, Mzee Harbans alipanda ngazi kuja kushuhudia. Ramani za siku zile hazikuwa na rangi. Zilikuwa herufi: nukta mahali pasipo na mbega, halafu alama zinazidi kunenepa, hadi herufi X mahali walipojaa. Tulibandika kurasa kwa gundi sakafuni, mlima ukatanda chini ya miguu yetu, na upande wa kusini, chini kabisa ya msitu, kulikuwa na doa jeusi la X ambalo lingeonekana hata na kipofu. Dakta alipiga magoti. "Hapa," alisema, na kidole chake kikachora mstari kuzunguka doa. "Mpaka utapita hapa." Anaeli alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia. Akasema, "Dakta, hapo ni kwa Mama Elipendo." Dakta akasema atalipwa. Anaeli akasema, "Mume wake amezikwa hapo, mgombani."

Nakumbuka Mzee Harbans alishuka ngazi polepole, kama mtu aliyejikuta kwenye msiba usiomhusu. Dakta alivua miwani akaifuta. Kisha Anaeli, huku akiigeuzageuza ile kofia, akasema jambo lililobadilisha kazi yetu. "Halafu, Dakta, zile habari za kule chini sikuziona zote kwa macho. Nyingi niliandika nimekaa. Niliambiwa." Dakta akauliza, "Na waliokuambia walikuwa na sababu ya kukudanganya?" Anaeli akafikiri. "Si kudanganya. Kule kwetu mgeni akikuuliza kitu, unaona vibaya kumwambia hakuna."

Nilishikwa na msisimko ambao sijausahau. Nilichukua karatasi zote nikaanza kutenga: zile alizoandika akiwa msituni huku, zile alizoandika nyumbani kwa watu kule. Doa lote jeusi lilikuwa la nyumbani kwa watu. Lilikuwa jeusi zaidi pale alipokaa zaidi. Dakta hakutaka kuamua kwa kutegemea kofia ya Anaeli wala furaha yangu, akasema niende mwenyewe, nilale pale, niamke alfajiri na kusikiliza, kwa sababu mbega lazima aungurume kukipambazuka, na hiyo sauti haina adabu kwa mgeni. Lakini gari la mradi lilikuwa bovu, na vipuri vilichelewa. Zilipita wiki kadhaa. Anaeli alikuwa akienda kwao kila Jumapili, kanisani, kama kawaida.

Nilifika kwa Mama Elipendo, Anaeli akiwa amenisindikiza, nikapokewa vilevile. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Jikoni niliona vizuri hadi pembeni, kibatari hakikuwashwa, nikadhani ni kwa sababu ya kiangazi. Nje palikuwa na rundo kubwa la kuni zilizopangwa vizuri. Mama akasema anajenga zizi la ndama. Elipendo alikuwa amekaa kizingitini anasugua viganja kwa mafuta ya taa, vimeganda utomvu mweusi, na mama yake akamwambia aende akamalizie huko nyuma. Chai ilikuja imejaa moshi. Kuni mbichi, zilikuwa zinalia motoni na kutoa povu, na kila tulipomeza tulimeza na msitu. Anaeli alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nikauliza habari za mbega. Mama Elipendo alikaa chini, akanyoosha kanga magotini. "Mwanangu, nikuambie ukweli," alisema. "Sisi watu wa huku mgeni akija hatupendi aondoke mikono mitupu. Anaeli ananiuliza mbega, naona ametoka mbali, namwambia wapo, ili afurahi. Labda zamani walikuwepo. Sasa hivi hakuna." Alisema kwa upole sana. Nilimshukuru. Nilitamani kumkumbatia, maana alikuwa amenikabidhi kwa mdomo wake kitu kilekile nilichokuwa nimekikisia mjini.

Nililala kitanda kimoja na Elipendo, ambaye alinipa mgongo akanuka mafuta ya taa hadi asubuhi. Alfajiri nilitoka nikasimama uani nimejifunga shuka la mama. Jogoo waliwika. Kengele ya kanisa ililia bondeni. Kutoka korongoni hapakuja sauti yoyote, na kupitia mahali pale, kati ya miti michache iliyosimama, niliweza kuona anga lote hadi Kilimanjaro. Niliona ni mandhari nzuri. Nikarudi ndani nikanywa tena chai.

Mjini tulifuta habari zote zilizotoka kwenye nyumba zenye chai, za Mama Elipendo na za majirani zake wote, tukaikokotoa ramani upya. Maharage yakahama. Lile doa likayeyuka kuwa nukta, na uzito wake ukapanda juu, ukatawanyika kwenye mabonde ya mbali ambako hapakuwa na kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani, wala kaburi. Mpaka ukabaki ulipokuwa. Dakta aliiwasilisha ramani hiyo kwa kamati akaeleza kosa letu waziwazi, na wakubwa walicheka, wakamsifu kwa ukweli wake. Aliniruhusu niandike makala juu ya jambo hilo kwa jina langu. Makala ikanipatia nafasi ya kusoma nje, kusoma kukanipatia kazi, na kazi ndiyo hii. Jioni ile ya kamati tulikula nyama choma na ndizi, Anaeli akaimba, na mimi nilikuwa na furaha safi, ya mtu aliyefanya hesabu sawasawa na papo hapo akamwokoa mjane. Sidhani nimewahi kuipata tena kwa kiasi kile. Miaka mingi baadaye nilisoma mahali kwamba mtoto wa mbega huzaliwa mweupe. Nilisoma, nikafunga kitabu, nikaendelea na mfano wangu.

Usiku wa msiba nililazwa kwenye chumba kilekile, ingawa sasa kina dari na vigae. Niliamka kabla ya mtu yeyote, kwa sababu ya sauti. Mwanzo nilidhani ni kijana anapiga teke pikipiki inayokataa kuwaka. Kisha ikajibiwa na nyingine, na nyingine upande wa juu, hadi dirisha likatetemeka. Nilitoka nje. Elipendo alikuwa ameshakaa uani, mwanamke mzima mwenye mvi, amejifunga kanga ya msiba, amekumbatia chupa ya chai. Korongo lilikuwa limefunga tena, miti mikubwa, giza tupu. Juu ya mkuyu, kulipoanza kupambazuka, niliona mikia myeupe inaning'inia.

"Wamerudi," nilisema.

"Wamerudi zamani, dada. Miti ilichipua kwenye visiki, na wao wakaja." Alinimiminia. "Mimi na mama tulikuwa tunakata kila siku nikitoka shule. Jumapili Anaeli ndiye aliyeshika upande wa pili wa msumeno. Mama alilia mti wa kwanza, halafu hakulia tena. Tukawa tunachoma pilipili chini ya ile iliyobaki, ili waondoke." Alifunga kifuniko cha chupa. "Yule mwenye mtoto mweupe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Alikuwa anarudi kutuangalia."

Nilimuuliza kwa nini mama yake hakuniambia, hata baadaye, hata kwa simu. Elipendo alishangaa swali. "Akuambie ili ufanye nini? Alikuwa anakupenda. Kila ukitajwa redioni alikuwa anasema, yule ni binti yangu, alikunywa chai ya moshi bila kukunja uso." Kisha akacheka kwa mabega, bila sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona mama yake kweli amekufa. Nililia pale uani, na mbega wakiendelea na shughuli yao. Sikulilia makala. Niliwalilia mama na mtoto wake na msumeno wao, na jinsi nilivyosimama mahali hapohapo nimejifunga shuka lake nikisifu mandhari.

Tulimzika saa nane, karibu na mumewe, mgombani. Anaeli alitaka kuimba akashindwa, kwaya ikamchukulia. Nilipokuwa naaga, Elipendo alinishika mkono. Alikuwa amesikia kwamba chuo chetu kitachora upya ramani ya mlima ili mpaka upimwe tena, kwa mitambo ya kisasa inayopiga picha kutoka angani, na kwamba vijana watakaokuja ni wanafunzi wangu. Nikakubali kwamba ni kweli. Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Wakija, tutawapa chai."

Muhula huu niliwasimulia tena wanafunzi habari ya ramani ya chai. Niliisimulia vilevile, na ungo, na kitambaa cha kufuma, na doa jeusi la X, na wakacheka palepale wanapocheka siku zote. Msichana mmoja wa mbele, mwenye akili ya kuudhi kidogo kama niliyokuwa nayo, hakucheka. Alinyoosha mkono. "Profesa, lakini mlifuta habari zote za kule. Je, kama kulikuwa na mbega wa kweli? Tutakapokwenda, pale kwa huyo mama tuanzie?"

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Pale hakuna," nilimwambia.